Mafua ya Ndege na Wajibu wa Mwenye Kuku

Soma kwanza: Kutoka 21:28–36; Malaki 1:6–8; Wagalatia 6:2–5



Katika magulio yetu, na njiani watu warudipo kutoka mashambani, twasikia wanavyoulizana habari za ugonjwa uitwao mafua ya ndege. Wengine husema, "Tusile kuku tena, maana kuku amekuwa sumu." Wengine hucheka, husema, "Babu zetu walikula kuku waliojifia, nasi tukazaliwa. Hayo ni maneno ya watu wa mjini." Tena wako wenye neno la tatu, nalo ni baya kupita yale mawili: kuku wa nyumba moja wakifa wote usiku mmoja, huulizwa ni jirani gani aliyepita hapo jioni.

Kwa hiyo tumeona yafaa walimu na wainjilisti wa mitaa yetu ya Dindira, na wasomaji wote, wayajue mambo haya kwa taratibu, wapate kuwajibu watu. Hofu isiyo na maarifa huzaa chuki, na ushupavu usio na maarifa huzaa misiba. Kwanza tutaueleza ugonjwa wenyewe. Pili tutaonyesha jinsi unavyofanana na kideri, ugonjwa tunaoujua sana. Tatu tutalisikia Neno la Mungu juu ya mwenye mnyama. Mwisho tutasema jambo ambalo mara nyingi halisemwi, yaani ni nani atakayeibeba hasara.

1. Ugonjwa wenyewe

Mafua ya ndege huletwa na virusi, ndivyo vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Ni vya jamaa moja na virusi vya homa ya mafua ya wanadamu. Makao yao ya asili ni ndege wa majini, hasa mabata wa mwitu, ambao mara nyingi huvichukua bila kuugua sana. Lakini aina nyingine zikiingia katika kuku, huweza kuua kundi zima kwa siku mbili tatu. Wataalamu huzipa aina hizo majina ya herufi na tarakimu, na iliyo mashuhuri kwa ukali wake ni H5N1.

Aina hiyo ilitambuliwa mwaka 1996 katika bata bukini wa jimbo la Guangdong, nchi ya China. Mwaka uliofuata, 1997, ilionekana katika watu mjini Hong Kong. Watu 18 waliugua, na 6 katika hao wakafa. Wakubwa wa mji waliamuru kuku wote wa pale wauawe, nao walikuwa zaidi ya milioni moja. Tangu mwaka 2003 ugonjwa umeenea katika nchi nyingi. Mwezi wa Februari 2006 ulifika Afrika, kwanza Nigeria, kisha Misri, na mwaka huohuo Sudan na Jibuti. Tangu 2003 hata sasa watu zaidi ya 900 duniani wamejulikana kuwa waliugua H5N1, na karibu nusu yao walikufa. Hesabu hiyo si kubwa ukiilinganisha na malaria. Walakini ugonjwa unaoua karibu nusu ya wagonjwa wanaojulikana si jambo la kuchezea.

Katika Afrika Mashariki, Januari 2017, ndege wa mwitu walionekana wamekufa kwa wingi huko Lutembe, ukingoni mwa Ziwa Viktoria karibu na Entebbe. Kadhalika bata na kuku wa kufugwa walikufa katika wilaya ya Masaka. Walipopimwa ilionekana ni mafua ya ndege ya aina ya H5N8. Kwa neema ya Mungu hapakuonekana mtu aliyeambukizwa. Basi jirani zetu wa Uganda wameyaona mambo haya kwa macho yao, wala si habari za nchi za mbali tu.

Tena wasomaji wasidhani kwamba ni jambo la kuku peke yao. Mwezi wa Machi 2024 huko Marekani virusi vya H5N1 vilionekana katika ng'ombe wa maziwa, jambo ambalo wataalamu hawakulitazamia. Watu kadhaa waliokuwa wakikamua ng'ombe hao waliambukizwa, na wengi wao walipata macho mekundu na homa nyepesi. Lakini Januari 2025 mtu mmoja wa jimbo la Louisiana alikufa, naye alikuwa amefuga kuku nyumbani kwake, kama sisi tunavyofuga.

Mtu huupataje? Virusi vimo katika mate, makamasi na kinyesi cha ndege mgonjwa. Anayemshika, anayemchinja, anayemnyonyoa manyoya, anayefagia banda lake kwa vumbi, huyo ndiye aliye karibu na hatari. Ugonjwa kupita kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu ni jambo la nadra. Wakubwa wa afya huogopa tu kwamba siku moja virusi vitabadilika na kujifunza njia hiyo, na kwa sababu hiyo hukesha.

Nyama iliyopikwa vema hata isibaki wekundu ndani, na yai lililopikwa mpaka ute na kiini vikakaza, havileti ugonjwa, maana moto huviua virusi. Maziwa nayo yachemshwe, kama tulivyofundishwa tangu zamani kwa ajili ya magonjwa mengine. Basi hao wasemao kwamba kuku amekuwa sumu hawakusema kweli. Kuku mzima, aliyechinjwa kwa usafi na kupikwa sawasawa, ni chakula chema, nasi twakipokea kwa shukrani. Hatari iko mikononi mwa mwenye kumchinja mgonjwa, kabla chungu hakijatelekwa jikoni.

2. Kideri na mafua ya ndege

Kila nyumba ya Dindira yenye kuku imekwisha kulia kwa ajili ya kideri. Wazungu huuita ugonjwa wa Newcastle, mji wa Uingereza. Kuku husimama amejikunyata, manyoya yamesimama, mbawa zimelegea. Huharisha kijani, shingo hupinda, naye hufa, na baada yake wenzake karibu wote.

Mafua makali ya ndege nayo huja hivyo hivyo. Kuku hufa ghafula, wengine bila dalili yoyote. Wengine kichwa huvimba, upanga na mashavu huwa ya rangi ya zambarau, huhema kwa shida, huacha kutaga. Ndugu, hata fundi wa mifugo hawezi kuyatenganisha magonjwa haya mawili kwa kutazama tu. Sharti vipimo vipelekwe maabara. Ndiyo sababu neno "ni kideri tu" ni neno la hatari. Mwenye kulisema anadhani anajua, kumbe anakisia.

Hapo twaona faida ya chanjo, nayo ni mara mbili. Kideri hakina dawa ya kuponya. Pilipili, majivu na mwarobaini katika maji ya kunywa havimponyi kuku. Lakini chanjo iko, nayo ile iitwayo I-2 hutengenezwa hapa Tanzania, huvumilia joto kuliko chanjo za zamani, na hutolewa kwa tone moja katika jicho la kuku kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja yatosha kuku wengi. Kwa hiyo nyumba moja ikinunua peke yake hupoteza, lakini jumuiya nzima ikinunua pamoja gharama huwa ndogo kwa kila mmoja. Wachanjwe kuku wazima, si wagonjwa, maana chanjo ni kinga, si dawa.

Hiyo ndiyo faida ya kwanza. Faida ya pili ni hii: chanjo ya kideri haimkingi kuku na mafua ya ndege, lakini hutusaidia kupambanua. Kuku wasiochanjwa wakifa, kila mtu husema ni kideri, na watu huendelea na kazi zao. Kuku waliochanjwa sawasawa wakifa ghafula kundi zima, hapo ni kama kengele imepigwa usiku, na mwenye nyumba hana budi kuamka.

3. Neno la Mungu juu ya mwenye mnyama

Katika Kutoka 21 Torati yanena habari za ng'ombe mkali. Akimwua mtu kwa pembe, ng'ombe huyo hupigwa mawe, wala nyama yake hailiwi, lakini mwenyewe hana hatia, maana hakujua. Walakini kama ng'ombe huyo alikuwa na desturi ya kupiga tangu zamani, na mwenyewe ameonywa, naye asimfunge, hatia ya damu humrudia mwenyewe.

Tazameni jinsi sheria hii inavyopambanua kwa haki. Mungu hamhukumu mtu kwa sababu ya kuwa na ng'ombe, wala kwa sababu ya msiba usiojulikana. Amhukumu kwa kujua na kunyamaza. Maonyo yamemfikia, na kamba anayo, lakini hakumfunga mnyama wake, labda kwa uvivu, au kwa kuona aibu, au kwa kuogopa hasara.

Sasa weka kuku mahali pa ng'ombe. Mtu ambaye kuku wake wamekufa asubuhi bila kujua sababu, huyo ana msiba, hana hatia. Lakini yule aonaye kuku watatu wamekufa, na wa nne na wa tano wanasinzia, akawafunga haraka miguu, akawatia katika tenga na kushuka nao gulioni kabla jua halijapanda, ili awauze wangali hai, huyo amekwisha kuonywa na kuku wake mwenyewe. Tunajua barabara yetu inavyokwenda, kutoka Soni na Bumbuli kupita Dindira mpaka Korogwe. Tenga moja likipakiwa asubuhi, jioni limekwisha fika mbali. Ndege wa mwitu huweza kuuleta ugonjwa katika nchi, lakini mara nyingi huenezwa kijiji kwa kijiji na binadamu, kwa tenga na pikipiki.

Katika Katekisimo Ndogo tumefundishwa Amri ya Tano, kwamba haitoshi mtu kutomwua jirani yake kwa mkono, bali imempasa pia asimdhuru mwilini, tena amsaidie katika shida zote za mwili. Na katika maelezo ya Amri ya Saba Luther ataja waziwazi bidhaa mbaya kuwa ni njia mojawapo ya kumwibia mtu. Anayeuza kuku mgonjwa kwa siri amezivunja amri mbili kwa biashara moja. Amechukua fedha ya jirani kwa bidhaa isiyofaa, tena ametia hatari katika jiko lake na mikononi mwa mkewe na watoto wake.

Vivyo hivyo na sadaka. Watu wetu huleta mazao na kuku mbele za Bwana, na baada ya ibada huuzwa kwa mnada nje ya kanisa. Ni desturi njema. Lakini nabii Malaki aliwakemea waliomtolea Mungu wanyama vilema na wagonjwa, akawauliza kama mtawala wao angewapokea. Kuku anayesinzia asiletwe madhabahuni kwa kuwa tu hatafika jioni. Wazee wa kanisa wanayo ruhusa, tena wanao wajibu, kumkataa kwa upole na kumpa mwenyewe shauri jema. Wasione haya.

Huenda mwalimu ataulizwa juu ya Kumbukumbu la Torati 14:21. Hapo Waisraeli walikatazwa kula nyamafu, lakini waliruhusiwa kumpa mgeni au kumwuzia. Ajibu hivi: amri hiyo ilihusu kutengwa kwa Israeli kuwa watu watakatifu, na mgeni aliipokea nyama hiyo akijua ni nini. Haikuwa ruhusa ya kumdanganya mtu wala ya kumdhuru. Tena Bwana wetu, kwa mfano wa Msamaria katika Luka 10, ametufundisha kwamba mgeni naye ni jirani. Kwa hiyo Mkristo hana mtu duniani anayeweza kumpa kwa siri kile anachokiogopa kwa watoto wake mwenyewe.

Na yule anayesema kwamba kuku wamekufa kwa uchawi wa jirani, asome Yohana 9, ambapo wanafunzi walitafuta wa kumlaumu, na Bwana hakukubali. Ugonjwa unayo njia yake, nayo hujulikana. Kumsingizia mama mzee aliyepita njiani hakumfufui kuku hata mmoja, bali huua jina la mtu asiye na kosa, tena huiacha njia ya ugonjwa wazi, kwa kuwa hakuna aliyeitafuta.

4. Hofu iliyo njema na hofu iliyo mbaya

Neno la ugonjwa utokao kwa wanyama si geni katika milima yetu. Wazee wanakumbuka tauni ya Lushoto, iliyoanza mwaka 1980 na kurudi mara kwa mara kwa zaidi ya miaka ishirini. Watu zaidi ya 7,000 waliugua, na zaidi ya 600 walikufa. Watu walijifunza kwa uchungu kwamba panya wakifa ovyo ndani ya nyumba ni onyo, kwa maana viroboto huwaacha panya waliokufa na kuwarukia watu. Aliyetoa habari za panya waliokufa aliwaokoa jirani zake. Mwaka 2007 nayo homa ya Bonde la Ufa iliua watu zaidi ya 140 katika nchi yetu, na wengi walioambukizwa walikuwa wamechinja, wamechuna au wameshughulikia wanyama wagonjwa. Magonjwa haya matatu si mamoja, lakini yote yalitanguliza onyo katika wanyama.

Baba yetu Luther naye aliishi katika tauni. Mwaka 1527 ugonjwa ulipoingia Wittenberg, chuo kikuu kilihamishiwa Jena, lakini yeye alibaki pamoja na mchungaji Bugenhagen kuwahudumia watu. Wakati huo aliandika waraka kwa mchungaji Johann Hess wa Breslau, ambaye aliuliza kama Mkristo aweza kukimbia tauni. Luther aliwakosoa watu wa namna mbili. Wa kwanza ni wenye hofu kupita kiasi, wanaomwacha jirani yao mgonjwa bila msaada. Wa pili ni wenye ushupavu, wanaodharau dawa na tahadhari, wakidhani hiyo ndiyo imani. Hao wa pili, alifundisha, wanamjaribu Mungu, na wakiwaambukiza wengine kwa uzembe wao watatoa hesabu. Yeye mwenyewe alikusudia kusali, kisha kutumia dawa, kusafisha hewa ya nyumba, na kutokwenda mahali asipohitajiwa. Lakini jirani akimhitaji, atakwenda.

Tuushike mpango huo, maana unaifaa Dindira leo kama ulivyoifaa Wittenberg. Kwanza tusali, kisha tutumie akili aliyotupa Mungu. Pasipo na haja ya kwenda tujiepushe, na jirani akituhitaji tusikose kwenda.

5. Nani ataibeba hasara?

Sasa twafika penye uzito wa somo hili. Ni rahisi mchungaji kusimama mimbarani na kusema, "Mwenye kuku wagonjwa atoe habari." Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 nayo yaagiza hivyo. Lakini tumfikiri mama mjane mwenye mitetea sita na jogoo mmoja. Kuku hao ndio mfuko wake wa fedha. Mmoja humpa chumvi na sabuni, mwingine humpa daftari za mtoto, mwingine huuzwa siku mtoto apelekwapo zahanati. Asubuhi moja anakuta wawili wamekufa. Akinyamaza na kuwauza wale watano leo, atapata kitu. Akisema kweli, yumkini wote watauawa, naye atabaki na banda tupu. Nani ataushangaa moyo wake ukisitasita?

Jambo hili si la mawazo tu. Mwezi wa Oktoba 2017, penye mpaka wa Namanga, vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya vilichomwa moto na wakubwa wa nchi yetu. Walisema vimeingizwa kinyume cha sheria, na kwamba wanahofia mafua ya ndege. Watu wengi wa pande zote mbili za mpaka walisikitika, wengine kwa ajili ya vifaranga, wengine kwa ajili ya mwenye mali. Hatuandiki hapa ili kumhukumu mtu. Twataka tu kuonyesha kwamba ulinzi wa wengi unaweza kuwa hasara nzito juu ya kichwa cha mmoja.

Basi, kama faida ya kusema kweli ni ya kijiji kizima, je, ni haki gharama yake iwe ya mjane peke yake? La. Mtume Paulo katika Wagalatia 6 awaagiza Wakristo kuchukuliana mizigo, na asema kwamba kwa kufanya hivyo sheria ya Kristo hutimizwa. Katika sura ile ile asema kila mtu atauchukua mzigo wake mwenyewe. Watu wengine hudhani maneno hayo yanapingana, lakini katika habari hii twaona yanavyokubaliana. Kusema kweli ni mzigo wa mwenye kuku, wala hakuna awezaye kumchukulia. Hasara inayofuata ni mzigo wa usharika, wala haifai kumwachia yeye.

Kwa hiyo twatoa shauri hili kwa wazee wa mitaa. Mtu aliyetoa habari kwa uaminifu, akapoteza kuku wake, aandikwe jina katika mtaa wake. Banda likiisha kusafishwa, na Bwana Mifugo akisema ni salama, nyumba zenye kuku wazima zimtolee kila moja tembe mmoja au vifaranga wachache, mpaka awe na mwanzo mpya. Tusingoje fidia itoke mbali. Nyumba kumi zikitoa tembe mmoja mmoja, hakuna hata moja itakayokuwa maskini, na mjane atakuwa na kuku kumi. Jambo hilo likijulikana mapema, kabla ugonjwa haujaja, litafanya kazi kuliko hotuba nyingi. Watu watasema kweli kwa sababu wanajua hawataachwa.

Tunapoomba mkate wetu wa kila siku, Katekisimo yatueleza kwamba ndani ya mkate huo imo mifugo, imo afya, imo serikali njema, na majirani waaminifu nao wamo. Luther aliyaweka hayo yote katika ombi moja. Aombaye kuku wazima bila kuwa jirani mwaminifu ameomba nusu ya mkate.

6. Mambo ya kutenda

Walimu wayasome haya mbele ya watu, tena warudie:

Kwanza. Kuku wakifa ghafula, zaidi ya mmoja, usiwale, usiwauze, usiwape mbwa, usiwatupe mtoni wala kichakani. Mpashe habari Bwana Mifugo au mtendaji wa kijiji siku hiyo hiyo.

Pili. Usiwaguse kwa mikono mitupu. Funika mikono kwa mfuko wa plastiki, na pua na mdomo kwa kitambaa. Bwana Mifugo akiisha kuchukua vipimo, wachomwe moto au wafukiwe katika shimo refu ambalo mbwa hawawezi kulifukua. Kisha nawa kwa sabuni, na nguo zifuliwe.

Tatu. Watoto wasicheze na kuku wagonjwa wala na manyoya yao.

Nne. Kuku wasilale chumba kimoja na watu. Twajua wezi na vicheche wako, lakini banda imara lililo karibu na ukuta wa nyumba laweza kujengwa kwa miti na udongo.

Tano. Kuku mpya kutoka gulioni akae peke yake majuma mawili kabla ya kuchanganywa na wengine. Waliorudi na gulio bila kuuzwa nao wafanyiwe hivyo.

Sita. Bata na kuku wasifugwe banda moja.

Saba. Mtu akipata homa, kikohozi, kuhema kwa shida au macho mekundu baada ya kushika kuku wagonjwa, aende zahanati upesi, tena amwambie mganga habari za wale kuku. Mganga asipoambiwa, atadhani ni malaria au mafua ya kawaida.

Maswali ya kujifunza katika jumuiya

1. Katika Kutoka 21, kwa nini mwenye ng'ombe mmoja hana hatia, na mwenye ng'ombe wa pili ana hatia?
2. Kwa nini si vema kusema "ni kideri tu" kabla ya vipimo?
3. Luther aliwakosoa watu wa namna gani mbili wakati wa tauni? Je, katika mtaa wetu wako wa namna gani zaidi?
4. Tangu lini kuku wa jumuiya yetu hawajachanjwa? Nani atakwenda kununua chupa, na lini?
5. Mmoja wetu akipoteza kuku wake wote kwa kusema kweli, ni nyumba zipi zitakazomtolea, na kila moja itatoa nini? Yaandikwe kabla jumuiya haijaachana.

Mithali 12 yafundisha kwamba mwenye haki huutunza uhai wa mnyama wake. Bwana atujalie kuutunza, na kwa kuutunza tuulinde na uhai wa jirani zetu. Amina.